Sahani ya Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Buhongwa sote wazima. Babu yako kanunua mbuzi, anamsifu kuliko anavyonisifu mimi.

Unalalamika kwamba mshauri wako wa lishe anakuuliza unalala vipi na unakula na nani. Mwache aulize.

Miaka ile ya soko huria, maduka yalipojaa vyakula vya makopo, baba yako Shija alikuwa mdogo, akakonda mpaka nikahofia kumpoteza. Nilinunua kila kopo lililosifiwa, wapi! Mshauri mmoja wa lishe akaomba tu aje atuone tukila. Nikapika ugali na sato, na kwa sato Mwanza nzima hakuna wa kunifikia. Watoto wakazunguka sinia.

Yule mama mshauri akatazama, akacheka. "Mama, unapika vizuri mno, tatizo liko hapo! Kaka zake wanamaliza samaki, Shija bado anatoa miiba. Mpakulie peke yake."

Macho ya mama yule, mjukuu wangu! Nikampa sahani yake, akala polepole anavyopenda, akanawiri. Siku hizi akija huinama ili apite mlangoni, na wageni huuliza huyu ni mtoto wa nani. Nawajibu kwa sauti.

Bibi yako anayekupenda