Dole Gumba Chini ya Mkate

Jumatatu, 4 Mei 2093
Kura ya kazi imeniangukia! Mimi! Chakula bure, nyumba bure, dawa bure, kila mtu anapata — lakini kazi? Watu wanasubiri miaka kumi na moja namba itoke. Sasa niko kwenye tanuri la mikate ya mkono, miezi sita. Nimezunguka bandari tano, sijaona mtu mwenye nyota kama yangu.
Dada yuko kitandani, mguu kwenye plasta. Aliteleza bafuni. Nimemwachia uji, nikavaa beji. Ina namba tu, haina sura. Mungu awabariki wavivu wa ofisini!

Jumatano, 6 Mei
Bosi wa tanuri, tunamwita Mama Hamira, kasema nakanda kama nagombana na mtu. Nikamjibu: na ninashinda!
Kila mkate tunaubonyeza dole gumba chini kabla haujaingia motoni, mlaji ajue kakandiwa na mtu, si mashine. Wenzangu wanagusa tu. Mimi nazamisha. Mikate mia mbili, yote ina shimo. Wajue nimepita!
Jioni dada akauliza, umekanda vizuri? Usiniaibishe, mdogo wangu. Akalia kidogo. Beji ikikosa siku tatu, namba inafutwa, unarudi mkiani. Naye ana miaka hamsini na nane. Nikamwambia, dada, hata kwa kutambaa nitafika.

Alhamisi, 7 Mei
Mikono imevimba kama maandazi. Nimekwenda.

Ijumaa, 8 Mei
Balaa! Mkaguzi kaja na mkate wetu, umeng'atwa. Alikuwa anaunywea chai kwake. Kaugeuza: hili dole la nani, jamani? Kafungua rejista ya madole yaliyochukuliwa siku ya kura. Halifanani na hata moja. Mama Hamira akanitazama. Mimi nikatazama tanuri.
Maisha yangu yote wananiambia mdomo utaniponza. Kumbe dole!
Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. Mama Hamira kapita, kanong'ona: mjomba, toka kwa mlango wa unga, nitasema sikujui. Sitoki. Nikikimbia, atakayeulizwa ni yule mwenye plasta. Nitamwambia mkaguzi afute namba yangu mimi, anirudishe mkiani, hata miaka ishirini. Ile ya kwenye beji asiiguse. Mikate imeliwa, nani kalalamika?
Mlango unafunguka. Haya, daftari, nianze na wewe nizoee: kura haikuniangukia. Mimi sijawahi kuitwa. Aliyeitwa ni dada.