Mkanda wa Hadithi za Bibi

Alhamisi jioni

Imekubali! Siku nne kompyuta ya Baba ilikataa kuiona mashine ndogo ya mikanda, ile ya kuhifadhia nakala za mafaili. Leo nimegundua kwamba namba iliyowekwa nyuma ya mashine ilifanana na ya diski iliyo ndani ya kompyuta, zikawa zinagongana. Nikaibadili, nikawasha upya, mkanda ukaanza kuzunguka.

Nimenakili kwenye mkanda hadithi zote za Kigorowa, lugha ya Bibi, ambazo Baba alizichapa akimsikiliza Bibi. Sasa wote wawili hawapo. Kesho ndugu wanagawana vitu vya Baba, na kompyuta pamoja na mashine yake inakwenda Bonga kwa Baba Mkubwa. Amesema ataifuta yote, aitumie kuchapia watu barua dukani kwake.

Nilimkimbilia Mama jikoni. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaupokea mkanda kama anapokea yai.

"Huu tunauweka kwenye redio?"

"Hapana, Mama. Hata kwenye kompyuta nyingine, unasomwa na ile mashine tu."

"Ile inayokwenda Bonga?"

Sikuwa nimefikiria. Siku zote nne niliwaza kunakili, sikuwaza kusoma.

Nililia pale pale kwenye kigoda. Mama hakunikemea. Alisema, "Muombe Baba Mkubwa wewe mwenyewe. Kompyuta achukue, ile ndogo akuachie."

Lakini siku ya mgawo watoto hatusemi, na mtoto wa kike ndiyo kabisa. Nikikosea, watasema Mama ndiye aliyenituma.

Nitaomba hivyo hivyo. Nimejaribu mbele ya kioo: "Shikamoo, Baba Mkubwa. Naomba ile ndogo." Mpaka sasa sijaweza kufika mwisho bila sauti kukatika.