Mwangwi wa Athmani

Jumanne

Sauti ya filimbi imefutika. Athmani mwenyewe, mwimbaji wa kikundi chetu cha taarabu, ameniambia leo alasiri kibarazani kwake Bondeni, huku akimenya chungwa.

Kinanda chetu kilikufa mwezi uliopita. Bahati nilikuwa nimeirekodi sauti ya filimbi ya kinanda hicho, noti moja moja, katika kimashine changu cha muziki cha mkononi. Jana Athmani alikiazima, akaitia sauti ile mwangwi, akairekodi upya humo humo, kisha akaihifadhi juu ya ile ya kwanza. Mwangwi umegandana na sauti. Hautoki tena.

"Nimeipendezesha tu, ndugu yangu. Ilikuwa kavu."

"Pilau ya wenzio waitilia sukari?"

"Na jina la sauti nimeliacha lile lile, tusibabaike jukwaani."

Nilipiga chakacha mbele yake ajisikilizie. Noti zilipandana hata mdundo ukapotea. Harusi ya Kizingo ni Jumamosi, na kina mama hawawezi kuicheza vurugu ile. Alicheka. Kicheko kile sitakisamehe upesi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi, mwandishi wa habari, kila mahojiano nayawekea nakala mbili. Filimbi sikuiwekea hata moja. Hilo sikumwambia Athmani, wala simwambii.

Fundi wa Makupa atakifungua kinanda Alhamisi saa tatu asubuhi, aone kama kitafufuka tuirekodi filimbi upya. Hakuahidi kitu. Athmani atakibeba yeye, begani, kwa miguu, kutoka Bondeni.