Samaki Wasio na Vichwa

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwako kakangu Hussam,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Eldoret, na ile baridi uliyoilalamikia imepungua. Sisi hapa hatujambo. Mama akusalimu sana, na auliza kama kashata zilifika bila kuvunjika. Kabla sijaendelea, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: tangu likizo ya Agosti sijaweza kumeza samaki wa nyumbani kwetu. Nikiwekewa, humficha chini ya wali, kisha nikampelekea paka wa barazani.

Barua hii nimetumwa. Baba amesema kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno ya vitabu, nikushawishi urudi ukimaliza chuo, usimamie mashua na ghala la samaki, maana yeye amechoka. Nimejaribu kuandika jinsi kazi ilivyo nzuri na jinsi watu wanavyotuheshimu. Kila nikianza, nasikia harufu ya lile ghala.

Wajua Baba anavyosifiwa. Kila Ijumaa baada ya swala, yeye na kikundi cha kujitolea cha Bi Everlyne huwapelekea samaki wazee wa Majengo. Mimi hushika beseni, Bi Everlyne hupiga picha. Siku hizi Baba hawezi kupita Bondeni bila kusimamishwa na kuombewa dua. Samaki hao huwa wamekatwa vichwa, na nilipoulizwa kwa nini, nilijibu kwa fahari kwamba Baba hataki wazee wahangaike na kisu.

Anayeniuliza zaidi ni Bi Kanze, ajuza anayekaa peke yake katika chumba kimoja cha udongo. Huniita mke mwenziwe, na husema nitaozwa kabati la vitabu. Siku moja aliniuliza kama kwetu samaki huzaliwa bila vichwa. Alinituma nimwambie Baba kwamba yeye kichwa ndicho akipendacho, mwili na aule Baba mwenyewe. Nilicheka. Ujumbe sikuufikisha, kwa haya zangu.

Agosti Baba aliniweka ghalani nioshe trei, kwa kuwa mbele ya wateja sina sauti. Huko nikamwona Kyalo, mfanyakazi wetu, akichagua samaki. Wenye macho maangavu na matamvua mekundu aliwaweka kwenye barafu, vichwa vyao vikiwa mahali pake, kwa ajili ya hoteli. Wale ambao barafu iliwayeyukia umeme ulipopotea, macho yamedidimia na matamvua yamekuwa rangi ya tope, aliwatupa upande wa pili. Hao ndio aliowakata vichwa, akawasugua kwa ndimu na chumvi, akawatia kwenye beseni la Ijumaa. Nilimgusa mmoja. Nyama ilibonyea na haikurudi. Nilinawa kwa sabuni mpaka mkono ukawasha, na bado nilihisi ule utelezi.

Nilimwendea Baba, nikamwambia wale samaki wameharibika. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu mpaka leo. Alitabasamu kama mtu anayefundisha kazi, akasema, "Maskini hamtazami samaki machoni, mwanangu. Atazama kama amepewa."

Ijumaa moja mwezi uliopita tulimkuta Bi Kanze amelala mkekani. Jirani alisema tumbo lilimwendesha tangu alipokula samaki wetu wa Ijumaa iliyotangulia, hata maji hayakai. Alijaribu kuinuka, akamwomba Baba radhi kwa kutommaliza samaki, akasema tumbo la uzee halina adabu. Baba akamshauri apunguze pilipili. Kisha akamwekea mfuko mwingine kando ya mto wake, akainama karibu naye ili picha itoke vizuri. Na mimi nikashika beseni, nikatabasamu kama nilivyoambiwa.

Jumapili iliyopita Bi Everlyne alikuja kwetu kwa chakula cha mchana, kupanga siku ya kumtunukia Baba ngao ya shukrani. Mama alipika samaki wa kupaka. Mimi nilikwenda ghalani, nikachukua samaki mmoja aina ya changu katika wale waliotengwa kwa Majengo, nikamkaanga peke yake bila kumwongeza kiungo, nikamweka katika sahani ya Baba.

Baba alimega kipande, lakini hakikufika mdomoni.

"Huyu ameoza," alisema. "Nani ameniletea uchafu huu?"

Wanijua, kaka, mimi ambaye hata jina langu likiitwa darasani huitika kwa kunong'ona. Nilisema, "Ni wa beseni la Majengo, Baba. Ndio tunaowapa."

Mama alimtazama yule samaki, pale kichwa kilipopaswa kuwa. Bi Everlyne alinawa, akaaga bila kuitaja ngao. Baba alisema vitabu vimeniharibu na sina haya. Hakusema kwamba nimesema uongo. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kuniuliza kama nimekwisha kukuandikia.

Basi nimekuandikia. Kurudi au kutorudi ni shauri lako, lakini ujue ni kazi gani unayoitiwa. Ijumaa iliyofuata nilikataa kushika beseni. Wasalimie wenzako wa chumbani, na ujifunike vizuri usiku. Mama akuombea mitihani mema.

Leo asubuhi nilikwenda Majengo peke yangu. Nilimwambia Bi Kanze kwamba halikuwa tumbo lake, walikuwa samaki wetu. Akaniuliza kama Baba ndiye aliyenituma. Nikamjibu kwamba hajui. Sufuriani mlikuwa na vipande vilivyobaki vya Ijumaa. Nilivimwaga, nikaisugua sufuria kwa jivu, nikambandikia uji, nikakaa naye mpaka akaumaliza.

Ni mimi nduguyo,
Mejumaa