Waliocheka Nyuma ya Shuka

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Kasikeu hatujambo, ndengu zimetoa maua. Umeniuliza kama naweza kuweka shamba rehani ili mmalize filamu yenu ya katuni.

Nikiwa msichana, baba aliuza fahali wake akakodi mashine ya sinema, aonyeshe katuni sokoni. Alizungushia uwanja magunia, juu yake akatundika shuka jeupe. Mimi nilikuwa nauza tiketi mlangoni. Waliingia wachache. Kisha nikasikia kicheko cha watu wengi, lakini kilitoka nje. Picha ilipenya shuka, na soko zima lilikuwa nyuma yake likitazama bure.

Hati ya shamba ninayo hapa, na nitaweka sahihi. Lakini niambie kwanza: wasiolipa watasimama wapi?

Nyanya yako