Salome Alikosa Boti

Jumanne, 8 Julai

Zamu ya asubuhi, wodi ya wazazi. Wawili wamejifungua salama, wa tatu nimemwacha bado anahangaika. Mgongo unauma. Maji yametoka leo, nimejaza ndoo zote. Tumaini amechana sare tena, kwapani. Anakua mno huyu. Nimeishona huku uji unachemka. Upepo wa kusi umeshika. Wanasema boti ya kwenda Nyamisati, bara, kesho huenda isiondoke. Hainihusu. Sina safari.

Jumatano, 9 Julai

Boti haikuondoka. Na inanihusu.

Nilipita sokoni kununua samaki. Sauti nyuma yangu: "Anna! Anna wa Morogoro!" Nikageuka. Salome. Amenenepa kidogo, kavaa vizuri, anaburuta begi mchangani. Alikuja semina ya halmashauri, kakwama, nyumba za wageni zimejaa. Tulisoma wote chuo cha uuguzi. Chumba kimoja, sahani moja.

Ndiye aliyemzaa Tumaini.

Sijawahi kuandika hayo popote.

Alimwacha mikononi mwangu, mtoto bado ananyonya. Alisema anakwenda kwao kuzungumza na baba yake, atarudi. Simu ikazimwa. Hakurudi. Leo Tumaini yuko darasa la sita. Anajua hakutoka tumboni mwangu, nilimwambia mapema. Jina la aliyemzaa hajawahi kuuliza.

Ningeweza kumwelekeza Salome kwingine. Mdomo ukasema karibu nyumbani.

Tumaini alifungua mlango. "Shikamoo." Salome akamkodolea macho. Mtoto akarudia. "Marahaba," sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Mwanya uleule. Paji lilelile. Nilitamani umeme ukatike.

Tulikula. Tulicheka pia: matroni wa bweni, ugali mbichi wa chuo, siku tulipofungiwa nje na mvua inanyesha. Bi Fatuma, jirani, akapiga hodi kurudisha kinu. "Mama Tumaini, naona ugeni!" Salome akainamia sahani.

Tumaini alipotoka uani kuosha vyombo, Salome akasema yote kwa haraka. Ameolewa Dodoma. Hajapata mtoto mwingine. Mumewe anajua habari za Tumaini.

"Naomba nikae naye. Hata likizo ya Desemba tu, kwa kuanzia."

"Kuanzia nini, Salome?"

Nikamwambia hapana. Akalia bila sauti. Nilitaka kumhurumia, ikashindikana. Ndipo nikagundua kwamba huko uani sahani hazigongani tena.

Alhamisi, 10 Julai

Boti bado. Sikulala.

Nimemsindikiza Tumaini shule, kitu ambacho siku hizi hataki. Leo hakulalamika. Karibu na geti akauliza: "Ndiye yeye?" Nikasema ndiyo. Hakulia. "Utampa?" Nikamwambia yeye si kuku wa kupewa mtu. "Haya," akaingia darasani.

Kazini nimeitwa jina langu, nisisikie. Nilimchukia Salome asubuhi nzima. Kisha nikamkumbuka alivyokuwa, binti mwembamba anayeogopa baba yake. Nikachoka kumchukia. Nikaanza tena.

Jioni nimefika nyumbani. Begi halipo. Salome hayupo. Mkoba wa shule kitandani, Tumaini hayupo.

Bi Fatuma alikuwa anapepeta mchele. "Mgeni wako kaaga, kasema kapata chumba. Mtoto katoka mbio kumfuata. Wameelekea bandarini." Alisema hivyo tu, taratibu, kama habari ya kawaida. Nilipanda bodaboda bila kuuliza bei. Nilikuwa nimeshawaona ndani ya chombo. Nilikuwa nimeshapiga kelele polisi, kichwani.

Wamekaa ukutani karibu na gati, wanakula mihogo ya kukaanga. Hakuna boti iliyokuwa ikiondoka. Nikasimama nyuma yao, nahema.

Tumaini alikuwa anauliza: "Kwenu nani anatumia mkono wa kushoto?"

"Babu yako," Salome akasema. "Na mimi nilikuwa hivyo. Walinifunga kitambaa mpaka nikaacha."

"Mimi mama aligombana na mwalimu. Wakaniacha niandikie huuhuu."

Salome aligeuka, akaniona. Akasema, "Ahsante, Anna." Nilikaa. Tumaini akanipa muhogo.

Ijumaa, 11 Julai

Boti imeondoka asubuhi. Nimeomba ruhusa, tumemsindikiza wote wawili. Salome hakumkumbatia mtoto hadi mtoto alipomsogelea. Alimwambia, "Ukitaka kunipigia, piga. Usipotaka, sitakusumbua." Kwangu hakurudia habari ya Desemba. Nami sikuigusa. Sijabadili neno, lakini halina makali ya juzi.

Tumaini ameandika namba kwenye simu yangu. Nimechungulia, sikuweza kujizuia. "Salome Dodoma." Basi.

Salome akirudi nyumbani atafikiri nini, sijui. Naogopa bado. Naandika ili nisisahau kwamba niliogopa hivi.

Jumapili, 13 Julai

Tumetoka kanisani. Upepo umepungua. Nimefua, nimelala kidogo mchana, jambo la nadra.

Tumaini amesema leo anapika yeye. Ubwabwa wa nazi. Nimemsikia akifungua makopo, akifunga, akinung'unika peke yake.

"Mama! Chumvi umeiweka wapi?"

Nikaitika.