Rula ya Damu ya Kuku

Jumatatu, 3 Machi
Natangaza rasmi: jogoo wa jirani yangu pale Mraru ametoa matone manne ya damu kwa ajili ya sayansi. Anaendelea vizuri. Mwenye jogoo ndiye aliyenuna.

Damu ya kuku ndiyo rula yetu hapa maabara, Voi. Kiasi cha DNA katika seli zake kinajulikana. Unaipaka rangi pamoja na mbegu za mwanamume, kompyuta ya darubini inapima rangi, unalinganisha. Mbegu yenye afya hubeba nusu tu ya DNA ya mtu. Nusu nyingine iko kwa mama, inangoja.

Wanaume tisa wamejitolea kupimwa kwa utafiti wetu. Daktari anayeuongoza anataka kumi.

Alhamisi, 6 Machi
Wa kumi hajapatikana.

"Mwakio, kwani wewe si mwanamume?" Daktari akaniuliza mbele ya wote.

Nikasema mimi ni fundi wa maabara tu. Wakacheka. Nikacheka nao. Sikupenda.

Mke wangu Wakesho amerudi kutoka kwenye ubatizo huko Mwanda. Wenzake wote huko ni Mama Fulani. Yeye bado ni Wakesho. Miaka kumi na miwili ya ndoa. Amepimwa Voi, amepimwa Mombasa, hana kasoro. Anataka mtoto. Nami nataka, mpaka nikipita duka la yunifomu za shule nageuza uso.

Jumanne, 11 Machi
Nimetoa. Na kitambi hiki. Sitaeleza zaidi.

Nimepima mwenyewe, mara tatu. Nyingi zina DNA maradufu. Hazikugawanyika, hazitungi mimba. Hata mbegu zangu ni bahili.

"Daktari wa kuku, mbona huli?" Wakesho ameniuliza mezani. Nikasema tumbo.

Jumatano
Tumbo bado.

Jumamosi, 15 Machi
Mambo yalivyokuwa hasa ni haya. Jumanne sikuona jambo jipya. Nilijipima kisiri mwaka wa pili wa ndoa, nikaona vivyo hivyo, nikachana karatasi ya majibu. Nikamwacha Wakesho azunguke hospitali miaka kumi, mimi nikimbebea mkoba. Niliogopa ataondoka. Safari hii nilitumaini tu kwamba zimebadilika.

Leo nimemwambia, akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza sinia zima. Kisha akasema, "Nipeleke nikaone."

Nikamfungulia maabara. Nikamwekea kioo chenye mbegu zangu. Akainamia darubini, akakaa hapo muda mrefu.

"Kumbe ni wengi hivi," akasema. Wengi, si nyingi.

Hakuondoa jicho.